Usiniambie Niko na Nguvu, Beba Mtungi

Kuna sentensi moja imenichosha: "Wewe uko na nguvu sana, mimi singeweza." Naambiwa na majirani, naambiwa na wasee tulikuwa nao kampasi kabla niache, naambiwa hata na makanga wa mat za 46 akiona nimembeba mtoi amevaa marvin na soksi mbili saa saba mchana. Najua nia ni nzuri. Lakini mtu akishasema hivyo huenda zake, mimi nabaki na mtoto.

Kijana wangu ana miaka mitatu na ana selimundu, ile wengi mtaani tunaita siko seli. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na laini, zinapita popote. Zake hujikunja kama mundu, zinashikana, zinaziba mishipa midogo. Oksijeni ikikosa kupita, maumivu yanaanza. Akiwa na miezi minane vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba. Kwenye ploti kila mtu alikuwa na jibu: ameanguka, ametupiwa jicho, maziwa ya mama ni mabaya.

Jibu lilikuwa kwa damu yetu wawili, mimi na baba yake. Kila mmoja wetu amebeba jeni moja na hatujawahi kuumwa. Wazazi kama sisi, kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa. Si laana, na si ya mama peke yake.

Hata chanzo kinajulikana. Mwaka wa 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu mwenye jeni moja hulindwa na malaria kali. Ndiyo maana jeni hii imejaa Pwani na kando ya Ziwa Victoria. Sasa angalia Kibera na Kawangware, ni familia ngapi zimetoka magharibi? Nairobi malaria ni kidogo, lakini jeni ilipanda basi pamoja na sisi. Na Desemba tukienda ushago kuona kukhu, dawa ya kuzuia malaria lazima iwe kwa mfuko.

Sasa turudi kwa hiyo nguvu. Kwangu nguvu ni vitu vya kushika. Ni maji, kwa sababu mwili wake ukikauka chembe zinashikana zaidi. Mfereji ukikaa wiki bila tone na mtungi wa lita 20 ukipanda bei, moyo wa mama haunyweki. Ni blanketi nzito Julai, kwa keja ya mabati, maana baridi pia huleta maumivu. Ni pesa ya nduthi imewekwa kwa kopo na haiguswi hata kama unga umeisha, kwa sababu akipata homa ni hospitali hapo hapo, hakuna kungoja kuche.

Na nguvu ni watu. Mathe wangu anakaa Makina, Kibera. Nikimpigia saa tisa usiku haulizi maswali, anauliza tu tukutane wapi. Baba mtoto anafanya mjengo, na bado anakesha zamu yake. Kuna usiku mtoto alilia mpaka sauti ikaisha, na mimi miguu ikakataa kwenye korido ya hospitali. Mama mwingine, simjui mpaka leo, alinipokonya mtoto akaniambia, "Enda unawe uso, dadangu." Nguvu zangu za usiku huo zilikuwa mikono yake.

Matumaini yapo, na si ya kubahatisha. Utafiti uliofanywa Kilifi, Uganda, Kongo na Angola, ukachapishwa 2019, ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na hata vifo kwa watoto wetu. Lakini dawa hainywi yenyewe. Inataka mtu wa kununua, wa kukumbuka, na wa kumpeleka mtoto apimwe damu kila mara.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Ukimwita mzazi jasiri, umempa sifa na umemwachia mzigo. Kama unataka kusaidia, kazi ziko. Una miaka 18 na uko mzima? Toa damu, hasa likizo, kwa sababu wanafunzi wa sekondari ndio hutoa nyingi, na shule zikifungwa benki za damu hukauka. Una mpenzi na mmeanza kuongea mambo ya watoto? Pimeni jeni zenu mapema, nyinyi wote wawili, mjue mnaanzia wapi. Unaishi ploti moja na mama kama mimi? Muulize leo mtoto amelalaje, halafu ukitoka kuteka maji, beba na mtungi wake.