Kinanda cha Mdomo na Sauti ya Nyanya

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa muda mrefu niliusadiki usemi huo hata katika mambo yasiyohusu shamba. Siku nilipojaliwa kununua kinanda cha mdomo jijini Nairobi, sikuuliza swali lolote. Nilichukua kilichong'aa kuliko vingine, nikakitia mfukoni na kupanda matatu kurejea kwetu Kipkelion. Laiti ningalijua!

Haja yangu ilikuwa moja tu. Nyanya yangu alikuwa na wimbo wa kubembelezea watoto, ambao marehemu babu alizoea kumpigia kwa chepkong, kinubi cha Wakipsigis. Babu alipofariki, chepkong ile ilibaki darini hadi ikaliwa na mchwa. Hakuna aliyefunzwa kuipiga. Miongoni mwa wajukuu, ni mimi pekee niliyeukumbuka wimbo huo, tena nusunusu. Nilidhani kwamba nikiuweka katika kinanda, hautapotea.

Jioni ya kwanza jikoni ilikuwa ya fedheha. Kinanda changu kilikuwa cha aina ya mtetemo: kila noti ina ndimi mbili za shaba zilizotofautishwa kidogo, nazo zikilia pamoja sauti hutetemeka. Kwa nyimbo za kanisani ni kitamu kama asali. Hata hivyo, kilianzia juu mno. Nyanya, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 80, alijikaza kukifuata, akakohoa, akanyamaza. "Hicho kinashindana nami," alisema kwa Kikipsigis, kisha akaendelea kuchochea moto. Kwa majuma kadhaa hakuuimba tena. Nikaingiwa na hofu kwamba mimi niliyetaka kuuokoa wimbo ndiye niliyekuwa nikiuzika.

Hapo ndipo nilipoanza kujisomea. Nilitambua kwamba kiko kinanda kidogo cha diatoniki chenye matundu 10 na ndimi 20: ndimi 10 hulia unapopuliza na 10 unapovuta pumzi. Kila kinanda hutengenezwa kwa ufunguo mmoja, na herufi yake huandikwa kwenye bati la juu. Kati ya vile vya kawaida, cha G ndicho chenye sauti ya chini zaidi. Sauti yake ni nzito na ndimi zake za chini hukawia kidogo kuitika. Cha F kina sauti nyembamba, tena huitika upesi. Humfaa mwenye kupiga mbiombio. Aidha, kiunzi cha kati huathiri matumizi. Cha mbao, kama kile cha Marine Band ambayo kampuni ya Hohner ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka 1896, hupendwa na wengi, lakini mbao isiyozuiwa unyevu hufura. Cha plastiki hakifuri. Nikiwazia ukungu na mvua za kwetu, nilichagua ufunguo wa G na kiunzi cha plastiki.

Baadhi ya wenzangu chuoni walinicheka: vipi wimbo wa Kikipsigis upigwe kwa ala ya Wajerumani? Niliwakumbusha yaliyotukia Kapkatet, upande wa pili wa mji wa Kericho. Mwaka 1950, Hugh Tracey aliwarekodi huko wasichana wa Kikipsigis wakimwimba Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika huku kwa santuri. Wasichana wale hawakumwiga mgeni. Walimkaribisha ndani ya wimbo wao, kwa mlio wa chepkong. Kwa nini basi kinanda kisikaribishwe?

Licha ya hayo, kazi ilikuwa bado. Katika matundu ya chini ya kinanda hiki mna do, re, mi, so na ti, lakini fa na la hazimo. Wimbo wa nyanya ulihitaji la, tena pale pale panapoitwa jina la mtoto. Nilipairuka noti hiyo, naye akasema, "Wimbo wangu umeng'oka jino." Dawa ni kuvuta pumzi katika tundu la 3 huku ukirudisha ulimi nyuma na kubadilisha nafasi ya kinywa, mpaka ti ishuke na kuwa la. Kinanda changu cha kwanza, chenye ndimi mbili kwa kila noti, kisingeweza kunifanyia hivyo vyema. Ilinichukua likizo mbili. Mara nyingi noti ilikwama au ikalia kama paka aliyekanyagwa.

Katika likizo ya pili, jioni moja, nilikipasha kinanda joto viganjani, nikaanza taratibu. Nyanya aliingia bila kuombwa. Tulipofika kwenye jina la mtoto, la ilishuka ikakaa mahali pake, naye akaendelea hadi beti mbili ambazo sikuwahi kuzisikia. Alipomaliza alisema, "Sasa kinanisikiliza." Usiku huo huo niliziandika beti zile daftarini.

Mpenzi msomaji, siwakosoi wahenga. Mkulima hulima kwa jembe alilo nalo, lakini udongo haukohoi wala haunyamazi kwa majuma. Mwenye kuandamana na sauti ya mwingine sharti achague, na achague kwa kuanza na sauti ile. Kinanda changu cha kwanza bado ninacho, na bado kinang'aa.