Hakuna Mbwa Anayezaliwa Koko

Katika kijiji chetu, wilayani Serengeti, mbwa ni mwenzetu wa kazi. Usiku hulinda zizi, fisi wasiingie. Mchana huenda shambani na watoto kufukuza nyani. Lakini mbwa asiye na mwenyewe hapendwi. Watu humwita koko. Watoto humtupia mawe. Kuku akipotea, husingiziwa yeye.

Mbwa wangu anaitwa Subira. Nilimpata siku ya mnada, mwaka 2019. Watu walikuwa wamekwisha kuondoka. Mimi nilikuwa nakunja turubai langu la kuuzia chumvi. Nikasikia sauti nyembamba ndani ya mtaro. Nilipochungulia, niliona kitoto cha mbwa. Sikio moja lilisimama, jingine lililala. Alikuwa chotara: miguu kama ya mbwa wetu, manyoya marefu kama ya mbwa wa kizungu. Mbavu zake zilihesabika. Kupe walijaa masikioni.

Sikumshika kwa mikono mitupu. Sisi wa huku tunakijua kichaa cha mbwa. Nilimfunika kwa gunia, nikambeba hadi nyumbani.

Jioni ile ile alikuja jirani yetu, mzee tunayemheshimu sana.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia umeokota mbwa. Mtupe. Unajua yaliyompata mjukuu wangu. Aling'atwa na mbwa wa njiani. Kidonda kilikuwa kidogo, tukakipuuza. Kikapona. Baada ya wiki sita akaanza kuogopa maji. Hakumaliza wiki."

Tulinyamaza wote wawili. Nilikuwapo kwenye mazishi ya mtoto yule. Nami nina watoto.

Lakini niliwaza hivi. Nikimrudisha mtaroni, huenda asife. Atakua kwa kula takataka. Atapigana na mbwa wengine, na mmoja wao akiwa na kichaa, atamwambukiza. Kisha atamng'ata mtoto wa mtu. Kumtupa mbwa si kuutupa ugonjwa. Ni kuuacha njiani, umsubiri mpita njia.

Nikasema, "Baba, nipe nafasi. Kesho nitampeleka kwa afisa mifugo. Akisema hafai, nitafuata neno lake."

Mzee alifikiri kwa muda mrefu. Akasema, "Basi mfunge mbali na watoto."

Kesho yake afisa mifugo alimpima. Alimpa dawa ya minyoo na ya kupe. Alimchanja, akaandika tarehe kwenye kadi. Kisha akaniambia, "Mama, chanjo haifanyi kazi siku hiyo hiyo. Tena kama alikwisha kuambukizwa, ugonjwa unaweza kujificha mwilini wiki nyingi. Mweke peke yake. Mtazame kila siku. Akibadilika tabia, akitokwa na mate mengi, akishindwa kumeza, au miguu ikilegea, usimguse. Niite."

Nilimjengea banda la miti nyuma ya nyumba. Nilimlisha mimi peke yangu. Mwanzoni nilimpa uji wa mahindi na dagaa, kidogo kidogo, maana tumbo lenye njaa halivumilii chakula kingi. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, nilisimama nikamwangalia anavyokunywa maji. Akinywa vizuri, moyo wangu ulitulia. Nilifanya hivyo miezi minne. Ndiyo maana nilimwita Subira.

Ndugu msomaji, fahamu mambo haya. Kichaa cha mbwa hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Karibu watu wote wanaokipata, hukipata kwa kung'atwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, ugonjwa huua. Lakini kabla ya dalili, kinga ipo. Mwaka 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa na mbwa. Mtoto huyo alipona.

Kwa hiyo mtu aking'atwa, afanye hivi:

1. Aoshe kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, kwa dakika 15.

2. Aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo, hata kama kidonda ni kidogo.

3. Amalize sindano zote alizoandikiwa.

4. Atoe habari kwa afisa mifugo.

Kuwaua mbwa ovyo hakumalizi ugonjwa. Chanjo ndiyo huumaliza. Katika kila mbwa 100, wakichanjwa 70, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Chanjo hurudiwa, kwa kawaida kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Wataalamu wanapokuja kijijini kuchanja, tuwapeleke mbwa wetu, wakubwa kwa wadogo.

Mwaka uliofuata, siku ya chanjo, nilikwenda na Subira hadi chini ya mwembe. Foleni ilikuwa ndefu. Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa. Alikuwa yule mzee. Mkononi alishika kamba, na kwenye kamba alikuwapo mbwa wake. Alimtazama Subira, akasema, "Amekua huyu."

Koko si kabila la mbwa. Hakuna mbwa anayezaliwa koko. Huwa koko kwa kukosa mtu wa kumlisha, kumfunga na kumchanja. Mtu huyo akipatikana, mbwa hupata kwao, na watoto wa kijiji hupita njia zao kwa amani.

MASWALI

1. Kwa nini mama huyu hakumshika mbwa kwa mikono mitupu?

2. Mtu aking'atwa na mbwa, afanye nini kwanza?

3. Katika kijiji chenu, mbwa wasio na mwenyewe hutoka wapi? Jadilianeni.