Mwenyeji Apone

Swali la nne kwenye dodoso langu lilisema: "Ni hatua zipi huchukuliwa kulinda usalama wa wageni njia inapokuwa hatari?" Nilimsomea baba swali hilo Jumapili moja mchana, nyumbani Kibosho, simu ikirekodi katikati ya vikombe vya chai. Baba alibeba mizigo mlimani kwa miaka 19. Nilidhani litakuwa swali rahisi kwake.

"Wageni," alisema, kisha akanyamaza. "Na sisi tuko swali la ngapi?"

Nikapekua karatasi. Yalikuwa maswali 14, yote yamepitishwa na msimamizi wangu. Wapagazi hawakuwemo hata katika moja.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu kufungwa kwa njia katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na mfano wangu mkuu ni njia ya Western Breach. Kwetu si mbali nayo. Lango la Umbwe liko upande wetu wa mlima, na anayeanzia hapo anaweza kupita Barranco, akafika kambi ya Arrow Glacier, zaidi ya mita 4,800, kisha akaukabili ukuta wa Kibo moja kwa moja. Mawe ya ukuta ule yameshikwa na barafu. Usiku yanaganda, jua likiyafikia, barafu inaachia. Ndiyo maana watu huondoka kambini gizani. Na barafu yenyewe inakwisha: kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu.

Tarehe 4 Januari 2006 mawe yaliporomoka yakaua wapandaji watatu Wamarekani. Njia ikafungwa. Hayo nimeyaandika katika sura ya pili, aya moja safi.

Nisichokiandika ni kwamba nilikuwa na miaka sita na baba alikuwa mlimani. Siku hizo alikuwa akishinda getini kutafuta kazi, akiondoka na kundi lolote litakalomchukua, hivyo mama hakujua yuko njia gani. Redio ilitaja Wamarekani. Mama alisubiri itaje wengine. Haikutaja, naye hakujua kama hiyo ni habari njema au ni kwamba watu kama baba huwa hawatajwi. Siku ya tatu baba aliingia kihambani, mfuko wake begani. Alikuwa amepita Machame.

Njia ilifunguliwa tena Desemba 2007. Mama alimwomba asiikanyage. Januari iliyofuata kaka yangu alikuwa anaanza kidato cha kwanza, na baba akaikanyaga.

"Getini huulizwi kama unaitaka njia," aliniambia. "Unaulizwa kama unaenda."

Anakumbuka safari moja ambayo wageni walikuwa sita na kofia ngumu za wageni zilikuwa sita. Kiongozi alikuwa na yake. Wagumu, kama wapagazi wanavyojiita, walipanda na kofia za sufu.

"Jiwe hulioni, unalisikia. Kiongozi akipiga kelele, mgeni anajibanza ukutani. Wewe unabaki umesimama, maana ukijibanza mzigo utaanguka, na mzigo ni hema la mgeni." Akacheka. "Mzigo ndio ulikuwa kofia yangu."

Mimi sikuweza kucheka. Hema lile nalo lilikuwa ada.

Septemba 2015 jiwe liliua mpandaji mwingine Mmarekani kwenye ukuta uleule. Baba alikuwa ameshaacha kazi, magoti yamechoka. Alisikia habari, akatoka nje, akasimama mgombani akiutazama mlima uliojifunika mawingu.

Kabla ya Jumapili ile nilikuwa nikiona kufunga njia kama jambo la wataalamu: hatari inapimwa, kibao kinawekwa, mgeni anaelekezwa njia nyingine. Sasa nadhani kibao kile kilifanya kazi ambayo haikuandikwa popote. Kwa karibu miaka miwili kilisema "hapana" kwa niaba ya mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kuisema. Kazi iliendelea kwenye njia nyingine, baba alilipwa, mama alilala. Siku kilipoondolewa, mgeni alibaki na hiari yake: apande au asipande. Baba alibaki na ada ya kaka.

Tuna msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunausema kwa furaha, jogoo anapochinjwa. Nimeusikia maisha yangu yote bila kulifikiria hilo neno la mwisho. Mlimani, mwenyeji hutakiwa kupona kwa mgeni, na pia kupona jiwe linaloshuka. Sisi tumekuwa tukihesabu lile la kwanza tu.

Jioni nilifuta swali la nne, nikaandika jingine kwa kalamu. Nikamsomea: "Njia ikiwa wazi, ni nani katika kundi anayeweza kukataa kuipita na bado akalipwa?"

Baba alizungusha kikombe kitupu mezani kwa muda.

"Washa simu yako tena," alisema.