Kijana Uliyemwacha Dukani

Mjukuu wangu mpendwa,

Hapa Mamba sote hatujambo, isipokuwa goti la bibi yako, ambalo huanza kumsumbua vuli ikikaribia. Tangawizi imeshika vizuri.

Ujumbe wako wa simu nimeusoma mara tatu. Unauliza kama ni kosa duka la Kariakoo kubaki wazi siku ya Sabato, maadamu wewe uko kanisani tangu Shule ya Sabato mpaka jua linazama, na anayeuza ni kijana uliyemwajiri, Mwislamu, ambaye kwake Jumamosi ni siku kama nyingine. Swali umelipanga kama wakili. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana hesabu hiyo hiyo niliwahi kuipiga mimi.

Nilikuwa mzee wa kanisa wakati huo. Mnunuzi wa tangawizi alileta lori Ijumaa jioni, akasema kesho adhuhuri anaondoka, amepakia au hajapakia. Jua lilikuwa linakwenda kutua. Nikawaita vibarua watano, tukapatana bei kwa gunia, nikaoga, nikafungua Sabato na watu wa nyumbani kwa wimbo na sala. Kesho yake natoka ibadani, suti mwilini, Biblia kwapani, nikakutana nao kwenye kile kijia cha kushuka barabarani. Hakipitishi watu wawili. Nikajibana ukingoni wapite. Wa mwisho alikuwa mdogo kuliko wote, gunia kichwani, jasho linamwingia machoni na hana mkono wa kulifuta. Akasema, "Sabato njema, mzee." Hakunikejeli, alinisalimu kwa adabu tu. Mpaka leo sikumbuki nilimjibu nini.

Jioni ile niliisoma upya amri ya nne. Sisi tumezoea ilivyo katika kitabu cha Kutoka, panapotajwa uumbaji. Ile ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, tunaipita mbio. Pale wametajwa watumishi, ng'ombe, punda, hata mgeni anayeishi kwako, kwamba wapumzike sawasawa na wewe. Na sababu inayotolewa ni Misri, kwamba nanyi mlikuwa watumwa. Mgeni haulizwi dini yake. Kwa hiyo, baba, kijana wako yumo ndani ya amri, na wewe ndiwe uliyemtoa.

Usije ukaligeuza hili kuwa fimbo ya kuwachapa watu wa Jumapili. Najua vijana wetu hupenda kumtaja Kaisari Konstantino wa Roma. Ni kweli, mwaka 321 alitoa sheria waamuzi na watu wa mijini wapumzike siku hiyo, na wakulima akawaruhusu waendelee kulima, jambo ambalo mimi mwenye jembe sijamsamehe. Lakini Wakristo wa Roma walikuwa wakikusanyika Jumapili zaidi ya miaka 150 kabla yake, Yustino Mfiadini aliliandika. Na Kiswahili chenyewe hakitusaidii kubishana: siku ya saba tunaiita Jumamosi! Mimi naishika ile tuliyofundishwa tangu wamisionari Wajerumani wa Kiadventista walipofika Giti mwaka 1903, na jirani yangu Mlutheri wa KKKT anaishika yake. Zamu yangu ya maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ilikuwa Jumamosi, yake Jumapili. Tulibadilishana miaka mingi iliyopita, na hakuna shamba lililokauka.

Basi funga duka. Ijumaa anza maandalio mapema, saa kumi usianze kupokea mzigo mpya, maana nakujua: utajikuta unahesabu noti jua limeshatua. Simu ya uwakala izime. Ukikaa nayo mfukoni kanisani inatetemeka kila muamala, hapo hujafunga kitu. Mtu akiugua au akipata ajali, msaidie bila kuuliza ni siku gani. Hilo Bwana mwenyewe alishalimaliza.

Na kijana umlipe Jumamosi yake. Nalirudia maana ndilo litakalokuuma. Kama analipwa kwa siku, ukafunga usimpe kitu, umepumzika kwa njaa yake. Wale vibarua wangu wangefurahi nini kuambiwa na mzee wa kanisa wakalale, na nyumbani hakuna unga? Vilevile Ijumaa adhuhuri mwache aende msikitini, wala usitazame saa akichelewa kurudi. Utasema babu hajui kodi ya fremu Kariakoo. Kweli siijui. Kaa na mkeo mpige hesabu ya siku sita, mwone nini kipunguzwe, lakini mshahara wa yule usiwe wa kwanza kupunguzwa.

Desemba mkipanda huku, njoo na huyo kijana kama kwao wanaruhusu. Msisafiri Jumamosi.

Bibi yako amekuwa akichungulia begani kwangu wakati naandika. Anauliza huyo kijana anaitwa nani. Nimeurudia ujumbe wako wote kutafuta jina, hukuliandika.

Ni mimi babu yako.