Mlenda Nao Upewe Shamba

Mimi ni mkulima wa Chamwino, mkoani Dodoma, na chini ya migunga yangu napanda mlenda wa porini. Ni mboga, lakini ni ua pia: la zambarau hafifu, lenye mistari iliyokoza kooni. Kitaalamu ni Ceratotheca sesamoides, ndugu wa ufuta, na tunda lake lina pembe mbili ndogo.

Dodoma tuna masika moja, Desemba hadi Aprili, na mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida. Mlenda unaendana na hali hiyo: huota kwa mvua za kwanza, huchanua, humwaga mbegu na kufa ardhi ikianza kukauka. Zamani tulikwenda kuuchuma tu. Tangu Dodoma iwe jiji mwaka 2018, mapori mengi ya pembezoni yamepimwa viwanja. Anayeutaka sasa aupande.

Mlenda huvumilia jua, ila kwangu ule wa chini ya mgunga hutoa majani mapana na laini zaidi, na haunyauki haraka mvua ikikatika. Mgunga una majani madogo yanayopitisha mwanga. Kivuli kizito cha mwembe huudhoofisha. Natumia mbegu za msimu uliopita, kwa kuwa mbichi huota kwa shida. Nachanganya na mchanga ili zisirundikane, natawanya udongo ukishalowa, kisha nafukia kidogo sana. Miche ikifika kimo cha shubiri moja, nakata ncha. Hapo hutoa matawi. Sing'oi shina. Majani ya ziada naanika, natwanga, nachekecha, na unga wake hutulisha kiangazi chote pamoja na ugali wa uwele.

Jambo ninalolisisitiza kwa majirani ni mbegu. Mkono wa mchumaji hukimbilia mashina yaliyonona, yale dhaifu yakabaki kuzaa. Tukifanya hivyo kila mwaka, tunapanda udhaifu. Kwa hiyo mimi hufunga kitambaa kwenye mashina bora mapema, kabla sijachuma hata jani, nayo hayaguswi. Matunda yakigeuka manjano nayakata na matawi yake, nayaning'iniza juu ya turubai, kwani yakikauka hupasuka na kumwaga. Ninayempa mbegu nampa na sharti hilo: mashina yake bora ni ya shamba la mwakani.