Hatua Kumi na Sita

Mshororo wa shairi la kawaida la Kiswahili aghalabu huwa na mizani 16: nane za ukwapi na nane za utao. Hilo ni somo la mwanzo kwa kila anayesomea ushairi. Yamkini ni wachache wanaofahamu kwamba hesabu iyo hiyo imo ndani ya vijisanduku vya kuundia muziki wa kielektroniki, ambavyo kampuni ya Roland ya Japani iliviita Groovebox ilipotoa MC-303 mwaka 1996. Chombo cha namna hii hukusanya ngoma, vinanda na kumbukumbu ya midundo mahali pamoja, na mwenye kukitumia hahitaji kompyuta wala bendi. Kwa Kiswahili mtu anaweza kukiita kisanduku cha midundo, na asipotee.

Kijana anayesimuliwa hapa, mzaliwa wa Bula Iftin mjini Garissa, alikuwa mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi. Mwaka 2019 abti yake, yaani mjomba, alimpa shilingi 30,000 anunue kompyuta ya kuandikia kazi zake za masomo. Kijana akashuka barabara ya Luthuli, kunakouzwa redio, spika na kila kitu chenye waya, akiwa na nia njema kabisa. Alirudi na Novation Circuit iliyokwisha kutumiwa, na chenji kidogo mfukoni. Nyumbani alisema amenunua mashine ya masomo. Hakusema uongo wote, kwa maana mashine ilimfunza mengi. Lakini hakusema kweli pia.

Circuit haina kioo cha kuonyesha maandishi. Ina vibonye 32 vinavyowaka rangi, katika safu nne za vinane vinane. Ndani yake mna vinanda viwili na ngoma nne. Mtumiaji huchagua ngoma, kisha vibonye 16 humwakilishia hatua 16 za mdundo. Akibonyeza cha kwanza, cha tano, cha tisa na cha kumi na tatu, ngoma hulia kwenye hatua hizo, na taa hupita kibonye hata kibonye. Ikifika ya 16 hurudi ya kwanza bila kupumua. Hutumia betri sita ndogo na ina kispika chake, mambo ambayo mkazi wa bweni lenye stima ya kukatika-katika huyathamini mno. Kwa miezi kadhaa kijana alilala na chombo hicho kifuani, akitunga midundo usiku na kuifuta asubuhi. Wenzake walipomuuliza anafanya nini, aliwajibu kwamba anahesabu mizani. Walicheka, naye alikuwa akisema jambo la hakika.

Mwezi Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya janga la korona, na wanafunzi wakatakiwa kurudi makwao. Basi lilipofika penye daraja la mto Tana, abiria waliteremshwa wakaguliwe vitambulisho na mizigo, kama ilivyo ada ya njia hiyo. Askari alikiinua kijisanduku cheusi, akakigeuza, akatazama vibonye na matundu ya waya. Msomaji anayekumbuka yaliyotokea katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, hatashangaa kwamba kimya kilitanda.

"Hii ni nini?"

"Ni mashine ya masomo, afande."

"Kompyuta gani haina kioo? Iwashe."

Kijana akaiwasha. Taa zikawaka kijani na zambarau, na mdundo wa dhaanto aliokuwa ameuunda bwenini ukalia kando ya barabara, mkavu, katika jua la saa nane. Dhaanto ni ngoma ya kuchezwa ya Wasomali, na mwendo wake hulinganishwa na wa rege. Askari alitabasamu. Baadhi ya abiria walitabasamu pia. Mama mmoja hakutabasamu, naye alikuwa jirani wa kina kijana huyo, nyumba ya pili kutoka kwao. Habari ilifika Bula Iftin kabla ya mizigo.

Mama yake hakupiga kelele. Alikaa mkekani, akamimina chai, akasema, "Hooyo, abti yako aliuza mbuzi wangapi kwa ajili ya kompyuta hiyo?" Mama wa Kisomali humwita mwanawe hooyo, yaani mama, na neno hilo likitamkwa kwa upole huuma kuliko kofi. Suala la pesa lilimalizwa kwa ahadi ya kulipa. Suala la muziki lilikuwa gumu zaidi. Katika nyumba hiyo, kama zilivyo nyingi za Garissa, dufu lilikubalika arusini lakini kinanda kilihesabiwa kuwa haramu. Je, kisanduku hiki ni dufu au ni kinanda? Baada ya siku tatu za mjadala kijana alileta suluhu ya aina yake: alibandika utepe mweusi juu ya vibonye viwili vinavyoita vinanda, akabakiza vile vinne vya ngoma. Mama alikitazama kile chombo kilichofungwa bandeji, akasema tu, "Na kisilie wakati wa adhana."

Wapo watakaoucheka utepe huo. Lakini ulimlazimisha kufanya kazi na ngoma nne tupu, na hapo ndipo midundo yake ilipoanza kuwa na maana. Fundi aliyenyimwa zana hujua thamani ya zilizobaki. Vijana wa mchiriku wa Dar es Salaam walijenga muziki mzima juu ya kinanda kidogo cha Casio na ngoma, wala hakuna aliyewahurumia.

Mwezi Juni dada yake kijana aliolewa. Mikusanyiko ilikuwa imepigwa marufuku, na usiku kulikuwa na amri ya kutotoka nje, hivyo arusi ilikuwa ya mchana, ya watu wachache wa nyumba. Pengo kubwa lilikuwa la habaryar, dada wa mama, mtunzi wa buraanbur anayeishi Mandera. Tangu tarehe 22 Aprili kuingia na kutoka Mandera kulikuwa kumezuiwa na serikali. Buraanbur ni ushairi wa wanawake wa Kisomali: mmoja hughani akimsifu bi arusi na ukoo wake, wengine hupiga ngoma na makofi, na mchezaji huingia kati. Arusi bila buraanbur ni kama kwamba haikufanyika.

Habaryar alighani peke yake chumbani, akaituma sauti kwa simu. Ujumbe ulikuja na sharti: sauti yake isikilizwe na wanawake siku hiyo tu, kisha ifutwe; isiingizwe katika sanduku lile ambalo amelisikia. Kijana aliahidi. Hata hivyo alipewa ruhusa ya kuandaa mdundo wa kuchezwa pamoja na simu, maana wanawake waliokuwapo walikuwa wanne, na ngoma ya nyumbani ilikuwa imeazimwa ikakwama mtaa mwingine.

Usiku wa kuamkia arusi alikesha. Kila mdundo alioutunga uliachana na sauti kufikia ubeti wa pili. Aliupunguza mwendo, akauongeza, akazungusha kitufe cha kuyumbisha mapigo, wapi! Ndipo alipokumbuka aliyoyasoma kuhusu ushairi wa Kisomali. Arudhi yake, ambayo mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, maarufu kwa jina la Gaarriye, aliifafanua gazetini mwaka 1976, haihesabu silabi kama Kiswahili kifanyavyo. Hupima urefu wa vokali: fupi ni moja, ndefu ni mbili. Tena sauti moja ya mwanzo hurudiwa katika shairi zima, tofauti na vina vyetu vinavyokaa mwishoni. Mwanafunzi wa mizani 16 alikuwa ameketi na kisanduku cha hatua 16, akijaribu kuhesabu kitu ambacho wenyewe hukipima.

Maelezo hayo ni sahihi lakini hayakutosha. Vipimo vya vokali hupatana na ngoma kila siku huko arusini bila shida yoyote. Kilichompotosha kilikuwa rahisi zaidi, naye hakukitambua hadi mchana uliofuata. Habaryar alighani katika chumba kitupu. Hapakuwa na makofi ya kumshika, kwa hiyo kila alipomaliza mshororo alingoja, kama aliyezoea kuitikiwa, na kungoja kwake hakukuwa na urefu mmoja.

Saa tisa alasiri kijana alikaa nyuma ya pazia, kwa kuwa hiyo ni shughuli ya wanawake, akiwa na kisanduku mapajani. Upande wa pili simu iliwekwa juu ya sinia ili sauti ivume. Habaryar akaanza. Kijana akaachia mdundo, nao ukaanza kumwacha nyuma, au yeye kuuacha mbele. Wanawake wakasita. Kisha yakasikika makofi ya mtu mmoja, mazito, yasiyo na haraka, yakijaza pale pale ambapo sauti ilingoja. Kijana aliyatambua bila kuona. Mama yake alikuwa akimwitikia dada yake.

Akasimamisha mfuatano wa taa. Akaanza kubonyeza kwa vidole, ngoma moja moja, akiyafuata makofi. Vibonye 16 havikuwa tena hatua za kwenda. Vilikuwa ngozi ya ngoma. Wale wengine watatu wakaingia, vigelegele vikapanda, na mtu akavuta pazia kidogo ili ngoma isikike vizuri. Hakubonyeza kitufe cha kurekodi. Huenda alisahau, huenda aliona haya.

Usiku huo aliifuta sauti mbele ya mama yake, akamwonyesha simu. Wako wasomi watakaolalamika kwamba fasihi simulizi hupotea namna hiyo, na kwamba kazi ya mwanafunzi wa lugha ni kuhifadhi. Malalamiko yao yana uzito. Lakini sauti ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa hai, tena alikuwa ametamka sharti lake waziwazi.

Zuio la Mandera liliondolewa mwezi Julai. Habaryar aliwasili Garissa kwa basi, miguu imevimba kwa safari, na kabla ya kumaliza kikombe cha kwanza aliuliza ngoma aliyosimuliwa iko wapi.

"Niliifuta, habaryar. Ulisema nifute."

"Nilisema sauti. Hata ngoma?"

"Haikurekodiwa."

Akamtazama dada yake. Mama akaweka kikombe chini, akapangusa viganja kwenye dira yake. Kijana akakimbilia kisanduku, akakiwasha, taa zikafifia zikazima. Betri mbili zilikuwa zimekufa. Alitumwa dukani, na habaryar akamwita kutoka mlangoni akumbuke kuleta sukari.