Pumzi ya Gari la Mbio

Injini, msomaji, hula vitu viwili: petroli na hewa. Petroli yaweza kutiwa ndani yake kwa kadiri upendayo, lakini hewa huingia kwa kiasi chake. Na petroli isiyopata hewa ya kutosha haiungui vema, hugeuka masizi. Kwa hiyo, tangu zamani mafundi walitafuta njia ya kuisukuma hewa ndani kwa nguvu badala ya kuiacha iingie yenyewe. Njia zilizodumu ni mbili. Moja ni supachaja, pampu ya hewa izungushwayo na injini yenyewe kwa mkanda au kwa gia. Nyingine ni tabochaja, ambayo Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905. Hiyo huzungushwa na moshi utokao katika injini, moshi ambao ungepotea bure.

Akaaye bara huiona haja ya vyombo hivi upesi kuliko akaaye pwani. Hewa ya Nairobi, mji ulio zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari, ni nyepesi hata injini ya kawaida hupoteza kadiri ya sehemu moja katika sita ya nguvu zake. Basi si ajabu kwamba kijana wa Mbumbuni afanyaye kazi mjini huweka akiba kwa miaka anunue Subaru yenye tabochaja, iliyokwisha kutumika Japani, arudi nayo nyumbani mwezi wa Desemba. Wazee huitazama, huizunguka, kisha huuliza swali moja tu: litadumu? Swali hilo lina uzito. Katika vilima vya Makueni gari la jirani ndilo huamshwa usiku mama mjamzito ashikwapo na uchungu, na likifa katika mchanga wa mto mkavu, hasara haihesabiwi kwa shilingi.

Ukipima kwa akili tupu, supachaja ndiyo iliyo imara zaidi. Haikai katika njia ya moshi, basi haionji moto wake. Nyingi huwa na mafuta yao wenyewe katika gia zao. Nayo huitikia mguu wa dereva papo hapo. Ila yake ni kwamba hula nguvu za injini ili iizidishie injini nguvu, kama mpagazi alaye sehemu ya mzigo auchukuao. Tabochaja, kwa upande wake, hukaa motoni. Katika injini ya petroli moshi waweza kufikia nyuzi 900 za Selsiasi, na mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, ukielea juu ya utando mwembamba wa mafuta ya injini. Utando huo ukikatika, mhimili hukwaruzika na kazi imekwisha.

Lakini mashindano hayakufuata hesabu hiyo. Mwaka 1930, huko Le Mans katika Ufaransa, magari ya Bentley yenye supachaja yaliharibika kabla ya kumaliza, na ushindi ukaenda kwa Bentley nyingine isiyo na supachaja. W. O. Bentley mwenyewe hakuipenda kamwe. Kwetu, mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na Shekhar Mehta alishinda mara tano bila tabochaja. Wengi waliamini kwamba chombo hicho hakiwezi kustahimili vumbi na joto la Afrika Mashariki. Mwaka 1984 Björn Waldegård akashinda kwa Toyota Celica yenye tabochaja. Mwaka 1986 alishinda tena, Toyota nyingine kama ile ikawa ya pili, na Lancia ya Markku Alén, iliyokuwa na supachaja, ikawa ya tatu. Vyombo vyote viwili, basi, vilifika mwisho. Toyota ile ilikuwa na mafundi waliofuatana nayo njia nzima, jambo ambalo mnunuzi wa gari kuukuu husahau.

Marekani walilijua hilo mapema. Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962 ilikuwa na tabochaja iliyohitaji kuongezewa maji maalumu katika tangi dogo. Wenye magari wengi hawakuyaongeza, na mwishowe kiwanda kikajitolea kuwaondolea tabochaja hizo.

Mimi, kama ningenunua, ningechagua tabochaja, si kwa kuwa ni imara kuliko nduguye, bali kwa kuwa mafundi waijuao ni wengi. Supachaja tunayokutana nayo sana Kenya ni ile ya Mercedes-Benz iliyoandikwa Kompressor, na vipuri vyake si vya kuokotwa katika kila soko. Ningebadilisha mafuta kabla ya wakati wake, na kusafisha chujio la hewa kila baada ya safari ya vumbi, maana chembe ya mchanga ipitayo hapo hulitafuna gurudumu la tabochaja. Baada ya kupanda kilima kwa kasi ningeiacha injini inguruma polepole dakika moja kabla ya kuizima, ili mafuta yasiungulie ndani. Na siku ya kununua ningefika asubuhi, gari likiwa baridi, nisimame nyuma yake liwashwapo, nitazame kama moshi wake ni wa samawati.